Siku Paji la Mjomba Puto Lilipopimwa Makaburini

Ukija Lushoto ukamuulizia mjomba wangu Hezekia, utazunguka mpaka viatu viishe soli. Sema Puto, hata mbuzi watakuonyesha nyumba. Yeye jina halipendi. Ukimwita ananuna, halafu anaitika.

Ilikuwa Desemba 2004. Mjomba anapakia kabichi kwenye Fuso, ubao wa nyuma ukafyatuka, paa! Paji la uso likabonyea kama sufuria iliyoanguka. Mwenye akili angekimbilia hospitali. Huyu akaenda kanisani, mazoezi ya tarumbeta za Krismasi. Kapuliza mara moja tu, ngozi ya paji ikajaa hewa! Mzee Nikodemo, kiongozi wa bendi, akaruka: "Acha, Hezekia, umekuwa puto!"

Jina likaganda hapo hapo.

Hospitali wakasema mfupa umevunjika, na nyuma yake kuna uwazi wa hewa unaoungana na pua. Dawa? Wapasue ngozi ya kichwa toka sikio hadi sikio, waikunje mpaka usoni. Bibi Evelina, mama yake, akawaka: "Mwanangu si ng'ombe wa kuchunwa!"

Bahati ikaja na daktari mgeni. "Mama, mimi natoboa vitundu viwili kwenye nywele. Kimoja kinapitisha kamera nyembamba kama mrija wa soda, kingine kifaa cha kuunyanyua mfupa. Naangalia kwenye televisheni."

Kwenye televisheni! Ukoo mzima ukataka kwenda kutazama.

"Na tarumbeta, daktari?" mjomba akauliza.

"Hapo siahidi. Kwanza hata kupenga kamasi marufuku mpaka nikuruhusu."

Jamani, mafua ya baridi ya Lushoto, halafu usipenge! Bibi alimlinda kama kuku anayeatamia. Upasuaji ulikwenda vizuri, kovu hulioni labda umnyoe. Ruhusa ya kupuliza ikaja wiki ya kuelekea Pasaka.

Huku kwetu alfajiri ya Pasaka tarumbeta hupigwa makaburini. Ukungu umetanda, watu kibao, na hakuna anayesali: macho yote kwenye paji la mjomba.

"Una uhakika, Puto?" Mzee Nikodemo akanong'ona.

"Wewe hesabu tu moja, mbili, tatu, mzee."

Akapuliza. Weee! Sauti ikapanda mpaka ng'ambo ya bonde, paji limetulia kama meza! Bibi akapiga vigelegele juu ya makaburi, mchungaji hata hajafungua kitabu.

Haya wadau, nani kwenu alipasuliwa kwa kamera akarudi kufanya alichokipenda? Mwageni hapo chini, na picha kama zipo.