Siku Niliyokuwa Mkalimani wa Sista

Nilimdanganya mama kwamba najua Kihispania. Haya, nimeshasema, chekeni mmalize kabisa. Ukweli nilikuwa na vitenzi vinne tu nilivyojifunza kwenye simu, kula, kunywa, kuongea na kuishi, ila mama alikuwa ameapa kuichukua ile simu mpaka shule ifunguliwe, nikaona nimwambie naisomea lugha (mama akisikia neno kusoma analainika kama parachichi lililoiva).

Nikasahau kwamba mama ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani. Jumamosi asubuhi jumuiya ikasali kwetu hapa Iringa, na mgeni alikuwa sista Mhispania anayetoka Mbeya. Akafika amechelewa, akakaa, hata hajafungua mdomo mama kasimama: "Leo hatuhangaiki, mkalimani ninaye. Baba, inuka umkaribishe."

Nikainuka, nikamwaga nilichonacho: "Yo como, tú comes, él come," yaani mimi nakula, wewe unakula, yule anakula, nikaenda hivyo hivyo hadi kwenye kunywa, kwa sauti ya padre anayesoma Injili, na wamama wakapiga vigelegele! Sista akanitazama, akatabasamu, akajibu Kihispania kirefuuu.

"Anasemaje huyo?" akauliza Mama Tula, jirani yetu asiye na subira.

Hapo ningeweza kukiri. Lakini simu ilikuwa mfukoni, bado yangu.

"Anasema... ameguswa sana. Atatuletea tanki la maji."

Vigelegele upya, Mama Tula akaanza kucheza, mzee mmoja akauliza la lita ngapi, nami (sijui shetani gani huyu) nikasema elfu tano.

Sista akasimama. "Kamwene!" akasalimia Kihehe, kisha Kiswahili safi kunizidi mimi: "Jamani, nipo Mbeya mwaka wa nane huu. Nimemwambia kijana akazane na masomo, na mnisamehe kuchelewa, tairi lilipasuka pale Igawa. Hilo tanki mimi silijui."

Walicheka mpaka Mama Tula akakaa chini. Mama hakucheka, aligawa chai, kikombe changu akakiruka.

Wageni walipoondoka akaniita jikoni. Nikapiga magoti bila kuambiwa, nikaapa sitatafsiri tena hata salamu. Akaninyooshea kiganja, akasema:

"Baba yako naye alinichumbia akisema anajua Kiingereza. Lete simu."