Siku Kibodi Iliposhuka

Hadi leo nikikutana na mtu wa ile hoteli ya Diani hujifanya naongea na simu, maana aibu ya pale haijanitoka, na wa kulaumiwa ni wivu wangu mwenyewe.

Mimi na Kevo (kijana wa bara, juzi tu ameingia Ukunda) tulikuwa tukitengeneza programu ya simu ya wageni kuagizia chakula. Kazi yangu ilikuwa kisanduku cha kuandikia: kibodi ikipanda, kisanduku nacho kipande, kisifunikwe. Kevo akaniambia, "Buda, usikisie. Kila simu na kibodi yake, wacha simu yenyewe ikwambie urefu." Ushauri mzuri, lakini ningeufuataje na jana yake nimemwona akimchekesha Mwanamkasi wa mapokezi, Mwanamkasi ambaye nilikuwa nimeshamwambia mama kuwa nataka tumpelekee posa? Nikapima kibodi ya simu yangu, nikaiweka namba hiyo hiyo kwa simu zote, basi.

Siku ya kuonyesha kazi, meneja akanipa simu yake, kioo chake kikamulikwa ukutani kwa projekta, wafanyakazi wote wamekaa wanatazama. Nikagusa kisanduku. Kibodi yake, ndefu kuliko yangu, ikapanda ikakifunika chote.

"Andika chochote tu, tuone," akasema meneja.

Nami niandike nini, na kule nyuma Mwanamkasi amemwinamia Kevo wananong'onezana? Kwa wivu vidole vikaenda vyenyewe (nikijiambia hakuna anayeona, nitafuta): Kevo muache Mwanamkasi, ni wangu, kicheko chako kama fisi.

Mara Kevo huyo mbele, mpole kabisa, "Ngoja nikusaidie," akabonyeza mahali, kibodi ikashuka. Maneno yangu yakabaki ukutani, makubwa, na meneja akayasoma kwa sauti. Wapishi walicheka hadi wakashikana mabega.

Baadaye Mwanamkasi alinifuata nje, wala hakuwa na hasira.

"Nilikuwa namwomba akusaidie, nilikuona wahangaika," akasema. "Na mama yako alishazungumza na mama yangu. Nami nilikuwa nimekubali, kaka Bakari."

Alisema "nilikuwa". Na hakuwahi kuniita kaka kabla ya siku ile.

Siku hizi sikisii kibodi ya mtu yeyote, naiuliza simu, na kabla ya kuona wivu nauliza pia. Ila somo hilo nimelipata nikiwa kaka tayari.