Siku Niliyomvisha Skafu Mgeni Rasmi

Kila nikipita stendi ya Buzuruga na kukuta magunia ya dagaa yanasubiri basi, harufu yake hunirudisha ng'ambo ya ziwa, Kamanga, kwenye jambo ambalo nimelificha muda mrefu. Wenzangu huziba pua. Mimi husimama kidogo, na haya hunishika upya.

Nilikuwa darasa la nne. Mheshimiwa mmoja, jina lake silitaji, alikuja na kivuko kutoka mjini kuhutubia mkutano, na shule ikanichagua mimi nimvishe skafu. Nilivimba kichwa, nisiwafiche. Mwalimu alinifanyisha mazoezi wiki nzima: kutembea, kupiga saluti, kusema shikamoo bila kutafuna maneno. Na sharti moja alilirudia mpaka nikaliota: mgeni akikuuliza chochote, unajibu, "Ndiyo, mheshimiwa." Basi. Mtoto wa skafu haongezi neno lake.

Ambacho hakuniambia ni kwamba aliyemvisha mgeni skafu hubaki kando ya kiti chake mpaka mkutano uishe. Jua lilikuwa la saa saba. Soksi za kuazima zilinikaba miguu, mkojo ulikuwa umenibana, na mkono wa mheshimiwa, mzito na wenye manukato, ulikuwa begani kwangu. Sikuwa na pa kwenda.

Muda wa maswali ulipofika, aliyesimama kwanza alikuwa mama yangu. Kina mama waanika dagaa walikuwa wamemchagua kuwa mwenyekiti wao. Masika ile mvua ilikuwa imewaozeshea mzigo mchangani mara mbili, wakamtuma aulize ni lini watapata zile chanja za kuanikia walizoahidiwa. Aliuliza vizuri, kwa heshima, kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani.

Mheshimiwa alicheka. Akasema mama mzuri namna ile anahangaika na chanja za nini, kwani mumewe kashindwa kumtunza? Akaongeza kwamba wanawake wakipewa kipaza sauti, mkutano hugeuka jiko. Wanaume wakaangua kicheko, na baadhi ya kina mama pia, wamejifunika kanga mdomoni. Kisha akaniinamia, akanisogezea kipaza sauti.

"Wewe binti mzuri, ukikua utaolewa utulie nyumbani. Hutakuwa na mdomo kama yule mama pale. Si ndiyo?"

Nilimtazama mama. Nikamtazama mwalimu, naye alikuwa ananitolea macho nijibu.

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema, na spika zikalipeleka jibu langu mpaka ufukweni.

Kicheko kikakatika. Uwanja mzima ulijua mimi ni mtoto wa nani. Mama hakuna aliyemwita jina lake la ubatizo, wote walimwita Mama Kabula, na Kabula ni mimi. Asiyejua alikuwa mgeni peke yake, aliyekaa akisubiri makofi.

Mama hakuketi.

"Mheshimiwa, nimeuliza chanja," alisema. "Sikuuliza habari za uso wangu, wala za mume wangu."

Akabaki amesimama mpaka mheshimiwa akakohoa, akamnong'oneza msaidizi wake, na tarehe ikatajwa. Mama alishukuru, akakaa.

Njiani kurudi nyumbani nilitembea nyuma yake nikingoja kuchapwa. Aliniuliza tu kama nimekunywa maji, akaniagiza nifue soksi za watu kabla hazijakauka jasho. Habari ile hakuigusa tena. Niliumia sana. Niliamini amenikasirikia kupita kiasi cha kunichapa, maana pale uwanjani alinitazama kama mtoto wa jirani, hata hakusema kuwa mimi ni wake.

Nimekua, na mimi nimesimama mikutanoni kuwajibu wakubwa wenye maneno kama yale. Mtu akiwa amesimama hivyo huku watu wanamcheka, hutafuta haraka neno la kummaliza mwenzake. Mama alikuwa nalo. Angesema tu, "Huyo uliyemshika bega ni binti yangu," na yule bwana angechekwa mpaka kivuko kinaondoka. Lakini macho yote yangenigeukia mimi, mtoto aliyemkana mama yake hadharani. Kwa hiyo alilimeza, akasimama juani achekwe yeye.