Maillot ya "Timu Iliyosahau Golikipa"

Jamani, leo timu yangu imenipa maillot, jezi ya kuchezea, yenye kunicheka, na walitaka nipige makofi!

Siku moja tulikuwa na safari ya kwenda kucheza Kabambare. Golikipa ni mie. Mapikipiki yakasimama njiani, pale Wamaza, nikaingia choo. Natoka, hakuna mutu. Wameenda wote!

Kule Kabambare wakaweka mushambuliaji mu goli. Walifungwa mabao saba.

Basi leo, kwenye sikukuu ya timu, prezida wetu akafungua maillot mupya. Kwa mugongo wameandika: TIMU ILIYOSAHAU GOLIKIPA.

Watu wakacheka mpaka machozi.

"Kosa yetu ni historia yetu!" prezida akasema.

Mie sikucheka. Nikamuuliza kapteni wetu, Zaina, mbele ya wote: "Dada, siku ile nililala kwa watu nisiowajua. Nani kati yenu alishaniomba musamaha?"

Zaina akaikunja maillot yake. "Kweli, hakuna. Utusamehe, ndugu yetu. Hatutaivaa mpaka wewe mwenyewe useme."

Prezida amenuna mpaka sasa. Wengine wanasema nimeharibu sikukuu.

Hasira haijanitoka. Ninyi, mungekuwa mie, mungeivaa?