Kamba ya Klabu

Mwezi uliopita nilipita karibu na lango la msitu hapa Chogoria, nikaona vijana wa klabu ya wapanda milima wakishusha kamba kutoka kwenye gari. Zilikuwa nyekundu na buluu, zimefungwa ndani ya mifuko yake. Nilisimama hadi wakaondoka. Rafiki yangu, kamba za aina hiyo zilikuwa zikilala kwetu.

Baba alikuwa mpagazi, na klabu ilimwachia kamba azitunze. Kila Januari tuliziosha kwenye beseni kwa maji ya mto, tukazitandaza kivulini nyuma ya jiko, harufu ya githeri ikizipitia. Hakuna aliyeruhusiwa kuzikanyaga. Hata kuku tuliwafukuza. Baba alisema ukikanyaga kamba, mchanga huingia ndani ukaikata polepole, bila mtu kuona. Nyanya naye alizoea kusema kwamba mlima hauna haraka, mwenye haraka ni mtu.

Siku moja mwenye haraka nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Kamba ya katani ya ng'ombe wetu ilikatika, naye akaelekea kwenye mahindi ya jirani. Nilichukua kamba ya klabu iliyokuwa karibu, nikamfunga mtini, nikaenda kumkatia majani. Niliporudi alikuwa anaitafuna kwa utulivu, macho yamefumbwa nusu. Niliivuta kutoka mdomoni mwake. Ganda la nje lilikuwa zima, lakini ndani palikuwa laini. Niliiosha, nikaikunja vizuri, nikaitundika mahali pake.

Asubuhi iliyofuata Baba aliichukua. Kwa kawaida angeipitisha vidoleni, pima kwa pima, lakini wageni wa klabu walikuwa wanasubiri, na aliiamini mikono yangu. Niliuacha uji. Watu wanne wangening'inia kwenye kamba ile, mmoja wao Baba.

Nilikimbia hadi kituo cha msitu. Walikuwa wameshapakia mizigo. Mimi hata darasani nilikuwa nikijibu swali huku nikitazama dawati, na pale palikuwa na watu kama kumi. Nilimshika Baba koti.

"Baba, ng'ombe alitafuna kamba."

Mpagazi mmoja alicheka, akasema basi ng'ombe wetu apewe viatu, apande hadi kileleni. Baba hakucheka. Aliifungua kamba, akaanza kuipitisha vidoleni. Karibu na mwisho, vidole vilisimama. Aliikunja hapo, ikalala kama jani la mgomba lililopashwa moto.

Kiongozi wa klabu, mwalimu kutoka Meru, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, nani alimfunga ng'ombe kwa kamba ya watu?"

Nilifungua mdomo. Baba aliniwekea mkono begani, mzito.

"Ni mimi."

Walichukua kamba nyingine, gari likaondoka bila yeye. Tuliteremka nyumbani kwa miguu, na njia nzima hakunigombeza.

Tangu hapo klabu huweka kamba zake katika stoo mjini. Baba aliwabebea watu wengine mizigo msimu mmoja, kisha akaacha. Siku hizi anachuma majani chai, na nyuma ya jiko kuku wanachakura watakavyo.

Mwalimu yule bado hupanda mlima. Tukikutana sokoni huniuliza, kwa mzaha, kama mzee wangu bado anafunga ng'ombe kwa kamba za watu. Nami hucheka kidogo, nikasema hajambo.