Kishikwambi Kilichomwamkia Mjomba

Siku ile tuliposhuka mjini na mjomba wangu kumnunulia kishikwambi, mwanangu, hainitoki kichwani mpaka leo. Umenijia na swali lako, uchukue kile chenye alama ya tunda au hiki cha mfumo wa Android, na umenionyesha picha kwenye simu mpaka macho yananiuma. Nitakujibu. Ila kaa kwanza, chai yenyewe bado ya moto, na mimi kujibu kwa neno moja sijazoea. Wanaonijua wanalijua hilo.

Mjomba Vitalisi alikuwa kaka yake mama yangu. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno juu yako, hata uwe na wajukuu. Yeye alikuwa katekista wa kigango chetu kule juu, ukishapita Mkuyuni unaacha barabara na kupanda. Padri alikuwa akifika mara moja kwa mwezi, na mvua ikikata njia hafiki kabisa. Jumapili nyingine zote mjomba ndiye aliyesimama mbele, akasoma, akaongoza sala. Sauti yake we! Nilipokuwa binti mdogo nilikuwa nikimsikiliza nikaamini kwamba Mungu mwenyewe ni Mluguru.

Kisha presha ya macho ikamwingia. Ilimla polepole, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka akawa anatofautisha mchana na usiku tu. Hospitali wakamwambia ukweli, kwamba kilichokwenda hakirudi. Akakabidhi kitabu kwa kijana mwingine, akatulia nyumbani. Na hapo ndipo ilipotuuma, kwa sababu aliacha hata kwenda kigangoni. Jumapili alikuwa akikaa barazani, watu wanaimba huko chini mtelemkoni, yeye amegeuza uso upande wa ukuta. Mkewe akimsihi, anajibu, "Niende nikakae kama mgeni?" Chakula akawa anagusagusa tu. Tulimwona anakwisha, mwanangu, na ugonjwa mwingine hakuwa nao.

Binti yangu Restituta, wakati huo yuko chuo, ndiye aliyetuambia kwamba kuna vishikwambi vinavyosoma maandishi kwa sauti. Ukoo ukakaa, ukakubali, na mimi niliyekuwa nikiuza karoti na njegere sokoni mjini nikapewa kazi ya kununua. Nikamwambia mjomba apumzike, tutamletea. Akawaka!

"Mnaninunulia viatu, miguu mmeiacha huku mlimani? Nakuja mwenyewe."

Basi akaja, kwenye bodaboda, koti lake la Jumapili mwilini na fimbo ameibana kwapani. Tukaingia kwenye duka la kijana mmoja aitwaye Shabani, mpole, mwenye adabu zake. Alimwamkia mzee, akamtafutia kiti, akaweka vishikwambi vidogo vitatu mezani. Kimoja cha tunda, kimoja cha Android, na cha tatu kina mfumo ule wa kompyuta za maofisini.

Restituta alikwishachagua kabla hata hajakaa. "Mama, cha tunda ndiyo mambo yote. Ona kioo, ona kamera!" Nami, sikufichi, kilinivutia. Kiling'aa, kilikuwa chepesi mkononi, nikajiona nimekipeleka kijijini watu wananitazama. Tukawa tunasifia kioo, tunasifia rangi, mimi na binti yangu tunapokezana. Mjomba akasikiliza weee, kisha akakohoa.

"Hicho kioo mnachokisifia mtakuja kukitazama nyinyi? Mimi nataka kukisikia."

Shabani akacheka kidogo, akatuomba tuandike maneno yoyote. Restituta akaandika maneno yaleyale kwenye vyote vitatu: Shikamoo mjomba. Pole na safari. Watu wale wa kigangoni wanakusubiri.

Wakaanza na cha tunda. Jamani! Sauti nzuri, ya kike, imetulia, lakini Kiswahili kimegeuzwa Kiingereza chote. Shikamoo ikawa sijui shaikamuu. Pole ikawa "poul", wale ikawa "weil". Mjomba akainamisha kichwa, akasogeza sikio, akasogeza tena.

"Huyu Mzungu anaumwa nini?" akauliza.

Duka zima likaangua kicheko. Shabani akahangaika kwenye mipangilio, akatafuta Kiswahili juu na chini. Siku hiyo hakukipata, na hakutaka kutudanganya. Kile cha maofisini kilichukua muda kuamka, na kilipoamka kilisoma vilevile, tena kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mafua. Sasa huenda mambo yamebadilika, mashine hazikai hali moja. Nakueleza ya siku ile.

Kikabaki cha Android. Kwa sura kilikuwa cha kawaida tu, cheusi, kimenenepa kidogo. Restituta alikuwa amenuna. Shabani akakiunganisha na mtandao, akapakua sauti ya Kiswahili, akakisogeza karibu na mzee, akabonyeza.

"Shikamoo, mjomba," kikasema.

"Marahaba, mwanangu," mjomba akaitikia.

Mwanangu, nywele zilinisimama. Hakuna aliyecheka. Kile kitu kilikuwa hakina kifua wala ulimi, na kilimwamkia mzee kama anavyotakiwa kuamkiwa, naye akaitikia kwa sababu mtu aliyeamkiwa huitikia. Kikaendelea, "Pole na safari," na mjomba akanyoosha mkono hewani, anamtafuta huyo anayesema. Nikamshika ule mkono, nikauweka juu ya kioo. Restituta alijifuta machozi kwa ukingo wa kanga yangu, akidhani simwoni.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kufungua mkoba. Mjomba akaniwekea fimbo mbele.

"Na kule kwetu ambako simu hazishiki, huyu atasema? Au atakuwa bubu kama mimi?"

Hakuna aliyewaza hilo, hata Shabani. Restituta akazima mtandao, akabonyeza. Kikasema. Akazima na kuwasha kishikwambi chenyewe, akabonyeza tena. Kikasema. Ile sauti iliyopakuliwa ilikuwa imekaa humohumo ndani. Mjomba akatikisa kichwa, akasema, "Ee Mungu, una mambo," akaondoa fimbo, nami nikalipa.

Kujifunza kulikuwa na vituko vyake. Restituta alipanda naye mlimani akakaa huko likizo nzima. Alimwandikia masomo ya Jumapili humo kishikwambini kwa mistari mifupi mifupi, akamfundisha kuvuta kidole kutoka mstari hadi mstari, kifaa cha masikioni kikiwa kwenye sikio moja. Mjomba aligombana na ile mashine kama anagombana na mtu. "Ngoja bwana, mbona una haraka? Unakimbilia wapi?" Mkewe jikoni anacheka mpaka anakaa chini. Lakini alikuwa ameanza kula. Ugali wake alimaliza, akaomba na mboga tena.

Ikafika Jumapili. Nami nilipanda, nikafunga biashara. Tulikuwa hatujamwambia mtu. Kijana msomaji tu ndiye tuliyemnong'oneza mlangoni; akapisha, na mjomba akatoka kwenye benchi akiwa ameshika bega la Restituta. Watu walidhani anakwenda kuombewa. Akasimama mbele. Kishikwambi kilikuwa ndani ya mfuko wa koti, mkono umezama humo. Nikawaza, kikizima sasa hivi? Akipoteza mstari mbele ya watu hawa, atarudi barazani kwake na hatatoka tena.

Akafungua kinywa.

Ilikuwa sauti ileile. Imechakaa kidogo, lakini ileile. Anasikiliza, anatamka. Anasikiliza, anatamka. Hakuruka neno. Bibi mmoja nyuma yangu akaanza kunong'ona, "Anaona! Yesu na Maria, anaona!" na mnong'ono ukapita benchi hadi benchi, wengine wakapiga magoti, watoto wakasimama juu ya viti wapate kumtazama. Mimi niliyejua kila kitu, niliyekuwapo dukani na kukilipia kile kidude, hata mimi nilipiga ishara ya msalaba.

Alipomaliza somo akatoa kile kifaa sikioni, akakiinua juu watu wakione, akatoa na kishikwambi mfukoni.

"Msidanganyike, ndugu zangu," akasema. "Macho hayajarudi. Nimerudi mimi."

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo, sijavisikia hata harusini. Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika, na watu wanapishana kumshika. Mjomba alisoma kigangoni miaka mingine kadhaa baada ya hapo, mpaka Mungu alipomchukua.

Sasa swali lako. Mwanangu, unaniuliza kipi ni kizuri, na hujaniambia ni cha nani. Kama ni cha bibi yako, nami nahisi ndivyo, mpe mkononi akishike kabla hujakilipia, wewe rudi nyuma unyamaze. Sikiliza kama kinajua lugha anayootea ndoto zake. Kizimie mtandao palepale dukani uone kama kina akili yake au ya kuazima. Muulize anataka kufanya nacho nini, na akisema jambo ambalo kwako ni dogo, usicheke, huenda ndilo linalomweka hai. Kioo na kamera vitazame mwisho, ukiwa na nafasi. Na ikiwa cha tunda ndicho kitakachomfaa, basi kichukue, sina ugomvi na tunda.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie subira unapoelekeza mtu mzima kuvuta kidole kwenye kioo, maana utaihitaji. Akupe mkono wa kununua kinachofaa, na nyumbani kwako asikae mtu barazani amegeuza uso ukutani bila wewe kumwona. Amina. Haya, mpigie bibi yako simu sasa hivi umuulize.