Kikohozi cha Shangazi Beatriz

Zawadi hawezi kuona mdomo umetangulia sauti akanyamaza. Tukitazama taarifa ya habari, sauti ikichelewa kidogo tu, anainuka kuzima televisheni. Mimi na yeye tumepanga fremu moja ya duka hapa Likombe: mimi nashona, yeye anahariri video za harusi. Cherehani yangu haina siri, kompyuta yake inazo, na mimi umbea sijaacha. Kila anapofungua kazi mpya navuta kiti.

Safari hii ilikuwa harusi ya Anabela, iliyofungwa kanisani Kilambo, karibu na Mto Ruvuma. Ndani zilikuwapo kamera mbili za Zawadi. Nje Jasinto, rafiki wa bwana harusi, alirekodi kwa simu yake. Sasa picha zote zilitakiwa kwenda sambamba, pete ikivishwa kwenye moja, ivishwe kwenye zote. Programu huzipanga yenyewe kwa kufuata saa ya kila kamera.

Anabela alikuwa amekaa nyuma yetu, lakini harusi hakuwa akiitazama sana. Alikuwa akimtafuta baba yake. Mzee Eduardo anaishi ng'ambo, Msumbiji, na tangu mwanzo alikataa bwana harusi huyu awe mkwe wake. Baada ya harusi alituma ujumbe kwamba alikuja, akasimama dirishani, akamsikia bintiye akikubali. Hakuna aliyemwona. Anabela hakumjibu.

"Kama alikuwepo, atatokea humu," alisema. "Kama hayupo, basi tena."

Akatokea. Kwenye video ya Jasinto, nyuma ya akina mama waliojazana mlangoni, mzee alisimama dirishani, kofia mkononi, akijifuta macho. Anabela alisimama kwa furaha. Kisha akaona programu ilivyoipanga ile video: saa nzima kabla ya kiapo, yeye hata hajafika kanisani.

"Kumbe alikuja, akachoka kusubiri, akaondoka," alisema. "Halafu ananidanganya eti kanisikia." Akachukua mkoba wake. Nilimchukia yule mzee papo hapo, nasema kweli.

Zawadi hakugeuka. "Sasa alikuwa analia nini?" aliuliza. "Bibi harusi hajafika, mtu analilia mabenchi?"

Akaongeza sauti ya ile video. Kelele za watoto, pikipiki, halafu kigelegele kikali kikapanda na kukatwa na kikohozi. Tukacheka hata mimi na hasira zangu. Huyo ni shangazi Beatriz, kwenye kila harusi pumzi zake zinaishia hapo.

Zawadi hakucheka. Alikwenda kwenye kamera ya kanisani, akatafuta. Humo Anabela akasema, "Ndiyo, nakubali," na mara kigelegele kikapanda, kikakatwa na kikohozi. Akaisukuma video ya simu mbele mpaka kikohozi kikakaa juu ya kikohozi. Watoto wakalingana, pikipiki ikalingana, kila kitu kikalingana.

"Imesogea saa moja kamili," nilisema. "Simu ya Jasinto ni mbovu?"

"Si mbovu. Pale Kilambo simu zinadaka mtandao wa ng'ambo, na Msumbiji wako nyuma yetu saa moja. Simu ilivuka mto, mwenyewe kabaki huku!" Ndipo akacheka.

Anabela aliweka mkoba chini. Zawadi akagawa kioo sehemu mbili, binti upande mmoja, baba upande wa pili, akaachia.

"Ndiyo, nakubali," alisema binti. Dirishani mzee akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama aliyeulizwa yeye.

"Rudia, dada," Anabela alisema. Zawadi akarudia. Akarudia tena. Nilitafuta kitambaa cha kufutia macho nikaishia kutumia suruali ya mteja.

Anabela akatoa simu. "Kule sasa hivi ni saa ngapi?"

"Toa saa moja."

Akapiga. Nilisimamisha cherehani nisije nikakosa neno. Iliita muda mrefu mpaka mzee akapokea.

"Baba," alisema, "nimekuona."